Mama Stoo, Mlezi wa Chama

12 Januari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima na unamgombeza mtu, maana ukinyamaza ndipo tunapoanza kuogopa. Goti la Mama linaendeleaje? Mwambie ile dawa ni ya kupaka, si ya kupamba kabati. Huku sote hatujambo. Wajukuu zako wanakula kama wamelipwa, na baba yao bado anachomelea mageti ya watu huku geti letu likifungwa kwa kamba.

Nimepandishwa cheo, au nimetwishwa mzigo, utaamua mwenyewe. Unajua kazi yangu hapa chuoni ni stoo ya vifaa vya upimaji ardhi: darubini, fimbo za vipimo, tepe, vigingi. Mwanafunzi anaazima, mimi naandika. Anarudisha, mimi nakagua kama amevunja. Miaka kumi na moja hakuna aliyewahi kuniomba kitu kisichokuwa na namba ya stoo. Wiki iliyopita wamekuja wanafunzi tisa, wamejazana dirishani, wakaniomba niwe mlezi wa chama chao.

Chama chenyewe ni cha lugha ya alama. Wamekianzisha kwa ajili ya binti mmoja wa mwaka wa kwanza, kiziwi tangu utotoni, anayesoma upimaji. Wenzake wanamwita Mpimaji, kwa sababu anakadiria umbali kwa jicho, halafu tepe inakuja kukubaliana naye. Muhula uliopita alikuwa anakaa darasani akiutazama mdomo wa mhadhiri, na mhadhiri akigeukia ubao, basi, somo limekwisha. Wenzake wakaanza kujifunza alama kwake, na sasa wanne wameiva kiasi cha kumkalimania. Chuo kiliwaruhusu kwa muda tu. Bila chama kilichosajiliwa, hakuna mwanafunzi atakayeruhusiwa kusimama mbele ya darasa na kukalimani. Na Mpimaji amewaambia kinagaubaga kwamba bila ukalimani anafunga sanduku lake anarudi kwao.

Kila chama lazima kiwe na mlezi ambaye ni mfanyakazi wa chuo. Waliwaomba wahadhiri watatu, wote wana shughuli. Ndipo wakaja stoo. Wananiita Mama Stoo. Nilikubali kabla hawajamaliza kuomba, kisha walipoondoka nikakaa nikashika tama. Maombi yanafungwa tarehe 2 Februari. Inatakiwa fomu, katiba na muhtasari wa mkutano, nao wiki nzima wanabishana juu ya jina la chama. Wewe umeendesha bendi ya shule miaka ishirini na mbili. Hebu niambie, mlezi anafanya nini hasa?

Binti yako wa kwanza

*

19 Januari

Mwanangu,

Marahaba, na salamu zako zimefika. Sisi ni wazima. Mama yako anasema dawa yako inanuka, kwa hiyo anaipaka kwenye goti lisilouma, ili kukuridhisha. Wasalimie wajukuu, na mwambie mkwe wangu nikija nikalikuta hilo geti na kamba nitalala nje makusudi, majirani wanione.

Umefanya vyema kuandika. Simu ni ya kuulizana hali. Jambo la maana linataka karatasi.

Umeuliza mlezi anafanya nini. Anafanya kila kitu. Mimi bendini nilichagua nyimbo, nilipanga zamu, nilikaza ngozi za ngoma kwa mikono hii, na mtoto akikosea pigo naushika mkono wake nalipiga mimi. Ndiyo maana kabati la ofisi yangu lilijaa vikombe hadi vingine tukawa tunawekea chaki. Ukiwaachia vijana waamue, watajadili jina hadi waote mvi. Shika kalamu, mwanangu. Andika katiba, jaza fomu, waite watie sahihi. Watakushukuru baadaye.

Na usiogope hao wahadhiri. Mtu anayejua kila kigingi kiko wapi hawezi kushindwa na karatasi.

Baba yako

*

3 Februari

Baba,

Shikamoo, na mshikie Mama miguu kwa niaba yangu, goti likiruhusu. Huku afya tele.

Naandika upesi nikiwa nimevimba kichwa. Nimefanya ulivyosema! Katiba kurasa sita, vifungu kumi na vinne, yote mwandiko wangu. Fomu nimejaza. Muhtasari wa mkutano pia. Mkutano haukuwahi kufanyika, kwa hiyo nimeandika ule ambao wangeufanya kama wangekuwa na akili. Kila mmoja nimempa jambo la busara la kusema, na Mpimaji nimempa hotuba fupi ya shukrani. Mwenyekiti, kijana mrefu anayetembea huku anakimbia, aliweka sahihi pale dirishani bila kusoma kwa kuwa alikuwa anawahi kipindi. Nimepeleka mwenyewe, dakika arobaini kabla hawajafunga.

Kumbe ulezi si kitu kigumu.

Binti yako, Mlezi

*

20 Februari

Baba,

Shikamoo. Mwili ni mzima. Uso ndio sina.

Juzi tuliitwa kwa Mshauri wa Wanafunzi, mama mmoja mpole, sauti yake haivuki meza. Ndiye anayeongoza kamati ya vyama. Juu ya meza alikuwa na fomu yetu, na kando yake lundo la hati za kuazimia vifaa kutoka stoo kwangu. Akaziweka sambamba. Mwandiko wangu unajulikana chuo kizima, Baba. Hakuna mtu mwingine hapa anayeifunga namba saba mkanda kiunoni.

Akamuuliza Mwenyekiti, "Kifungu cha saba cha katiba yenu kinasemaje?"

Kijana akanitazama. Mshauri akasema, "Usimtazame mama. Nimekuuliza wewe."

Hakujua. Hakuna aliyejua. Basi Mshauri akampa Mpimaji ile katiba, akasoma mwenyewe. Kifungu cha saba nilikiandika kwa huruma, naapa. Kinasema wanachama viziwi watahudumiwa na chama na hawatabebeshwa majukumu ya uongozi wala kura. Nilidhani nampunguzia mzigo. Alisoma taratibu, akaweka karatasi chini, akazungumza kwa mikono. Binti anayemkalimania alisita, akatutazama, ikabidi aseme.

"Anauliza, kwa hiyo katika chama chake yeye ni mgeni?"

Halafu akaongeza, "Anauliza pia, hii hotuba ya shukrani aliitoa lini?"

Ningetamani nifunikwe na turubai la darubini.

Uamuzi ni huu: tumesimamishwa siku arobaini. Tarehe 30 Machi kamati itakuja kuona kama chama ni cha wanafunzi kweli. Waandae wenyewe, wajieleze wenyewe, na mlezi asikanyage. Wakishindwa, chama kinafutwa na hakuna kuomba tena hadi mwakani. Mpaka siku hiyo hakuna ukalimani darasani. Mpimaji alikuja jana kurudisha tepe, akaiweka kaunta bila kuniangalia. Nimeambiwa amekubali kusubiri hizo siku arobaini, si moja zaidi.

Nilifuata ushauri wako neno kwa neno. Ulisema watanishukuru. Sitaki kukukosea adabu, Baba, lakini kuna swali linanikereketa: ile bendi ilikuwa ya nani?

Binti yako

*

8 Machi

Baba, shikamoo.

Mbona kimya? Mama amenipigia simu, anasema unakula, unatembea, ila huongei na umeacha kuwagombeza watu. Kama ni ile barua yangu, nisamehe, niliandika moto ukiwa bado unawaka. Kama ni mgonjwa, sema.

Binti yako

*

17 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Si mgonjwa. Mama yako hajambo, goti limepoa, na anadai limepona lenyewe.

Uliuliza bendi ilikuwa ya nani. Niliikasirikia ile barua siku mbili nzima. Siku ya tatu nikavaa viatu nikaenda shuleni, mara ya kwanza tangu nistaafu, kwenda kukutafutia jibu la kukunyamazisha. Nilikuta ngoma kubwa nyuma ya jiko. Kuku wanatagia humo. Tarumbeta hazijulikani zilipo. Bendi ilikufa mwezi uleule niliopewa saa ya ukutani na kupigiwa makofi ya kuagwa, na miaka yote hii mimi najipiga kifua kwa watu.

Nikamtafuta mpiga ngoma wangu hodari kuliko wote. Sasa ni fundi viatu, ana watoto watatu. Nikamuuliza kwa ukali kwa nini hawakuendelea. Hakunijibu kwa ukali. Alisema, "Mwalimu, sisi hatukuwahi kujua wimbo unaanzaje. Ulikuwa unatushika mikono."

Nimekaa na neno hilo hadi leo. Sikukuandikia kwa sababu nilikuwa na aibu, na mimi sijazoea aibu, sikujua inaandikwaje. Nilikupa ushauri mbaya kwa sauti ya mtu anayejua. Nisamehe, mwanangu.

Sasa nina mwingine, nao ni mfupi. Uliza, usijibu. Ukiwaona wanaelekea shimoni, waulize swali moja tu, kisha uume ulimi. Shimo likiwa la kuvunja shingo, wavute. Likiwa la kuchubua goti, waache waanguke. Na kabla ya hayo yote, mwendee huyo binti.

Baba yako

*

28 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nilikusamehe nilipofika kwenye kuku, yaliyofuata nikayasoma nalia. Huku tu wazima, wajukuu wanakusalimia, na geti limepata komeo. Usiulize imekuwaje.

Kwa Mpimaji nilikwenda siku ileile barua yako ilipofika. Nilikuwa nimejifunza maneno ya kumwomba radhi mbele ya kioo, kwa alama, lakini nilipofika mikono ikanisahau, nikachanganya. Alinisahihisha kidole kimoja kimoja hadi sentensi ikakaa sawa, kisha akanijibu, "Nimekusikia." Halafu akanionyesha jina walilonipa kwa alama, maana kwao kila mtu hupewa lake: mimi ni mtu anayempokonya mwenzake kalamu. Tulicheka mpaka watu wakageuka.

Tangu hapo nahudhuria mafunzo yao kila jioni, nakaa nyuma na kujifunza kama wengine. Wameichana katiba yangu. Wanaandika yao, na wanagombana, Baba, wanagombana hasa! Siku moja mtu ametoka na kubamiza mlango. Siku nyingine Mpimaji amewapa kisogo wote, na kwa kiziwi hilo ndilo tusi kubwa, maana hakuna mtu anayeweza kumwambia kitu. Mimi nilikaa juu ya mikono yangu. Si maneno ya kupamba, niliikalia kweli.

Lakini sasa sijui kama nimefanya sawa. Ukumbi hapa haupatikani mpaka uandike jina la chama kwenye ubao wa matangazo. Jumatatu nilipita nikaona kwaya wameshajiandika kwa tarehe 30, saa tisa, saa yetu. Nikamuuliza Mwenyekiti swali moja kama ulivyonielekeza, "Ukumbi mna hakika nao?" Akasema, "Tayari, Mama Stoo, tumeongea na mlinzi." Kuongea na mlinzi! Nikauma ulimi hadi nikasikia ladha ya chuma. Leo wamegundua. Hakuna ukumbi, hakuna darasa lililo wazi, na kesho kutwa ndiyo siku yenyewe. Hili ni shimo la goti au la shingo, Baba? Ningeweza kuongea na mtu wa kwaya, ni jirani yangu. Niliwaambia nikawasaidie. Wakatazamana, kisha Mpimaji akasema kwa alama, kwa heshima zote, "Tunaomba utuache."

Mchana wakaja kuazima darubini moja, fimbo mbili, tepe na vigingi sita, kwa Ijumaa. Hati wamejaza wenyewe. Nimeuliza, "Vya nini?" Wakasema ni vya chama. Sasa chama cha lugha na vigingi wapi na wapi?

Barua hii itakufikia mambo yakiwa yamekwisha. Niombee hivyo hivyo.

Binti yako

*

2 Aprili

Baba yangu, Mama yangu, msome pamoja,

Shikamooni! Hatujambo, hatujambo, hatujambo. Hali zenu nitaziuliza mwishoni, sasa hivi siwezi.

Mlezi haruhusiwi kukanyaga, lakini hakuna aliyesema asichungulie. Dirisha la stoo linatazama uwanja wa mpira. Ijumaa saa tisa kasoro, upepo unavuma wa kuangusha mtu, nikawaona wanasimamisha darubini pale golini. Kumbe walipokosa ukumbi, Mpimaji aliwaambia kwamba hata wangeupata, ukumbini wao wangekuwa watu wa kuonewa huruma. Nje, alisema, ni kwake.

Kamati ikaja: Mshauri wa Wanafunzi, mwakilishi wa wanafunzi, na mhadhiri wa upimaji, huyohuyo anayefundisha akiutazama ubao. Wakamweka Mshauri kwenye darubini, na mhadhiri wakampa fimbo ya vipimo, wakampeleka mita mia moja hadi goli la pili. Wakaambiwa wapange vigingi vitatu katika mstari mmoja, waelekezane kwa mdomo kama ilivyo kawaida ya chuo.

Baba, ungekuwepo! Mshauri na ile sauti yake isiyovuka meza! Alikusanya viganja mdomoni, akapaza. Mhadhiri akaweka mkono sikioni. Akaambiwa kulia nadhani, akaenda kushoto. Akaambiwa arudi, akakaa chini kufunga kamba ya kiatu. Tai imempanda usoni, mwakilishi anakimbia katikati yao kupeleka ujumbe, anahema. Robo saa, kigingi kimoja, nacho kimepinda.

Kisha wakabadilishana. Mpimaji akachukua fimbo, Mwenyekiti akainama kwenye darubini, akainua mkono. Kushoto. Kidogo. Rudi unene wa kidole. Hapo. Piga. Hakuna aliyefungua mdomo. Vigingi vitatu, dakika nne kwa saa ya stoo, vimenyooka kama vimechorwa. Mhadhiri alikwenda mwenyewe kuchungulia kwenye darubini, akachungulia tena, kisha nikamwona anamfuata Mpimaji na kuinua mkono wake hewani, anajaribu. Alikuwa anaomba afundishwe "kushoto".

Yakaja maswali. Na hapa ndipo ilipokuwa ajabu: kamati ilipouliza, mimi niliona midomo tu ikichezacheza, sikuambulia kitu. Lakini majibu ya Mpimaji yalikuwa mikononi, na mikono haipeperushwi na upepo. Nilimsoma kutoka dirishani, alama ninazozijua zikinijazia nisizozijua. Alisema, "Kifungu cha saba tulikigombania siku nne. Mimi nilitaka mwenyekiti awe kiziwi kila mwaka. Wenzangu walinikatalia kwa kura. Kwa hiyo nitagombea, kama mtu mwingine yeyote." Nikamwona Mshauri anacheka. Nadhani pale ndipo alipoamini, maana watu hawagombanii kitu kisicho chao.

Halafu Mshauri akasimama, akazungumza muda mrefu. Sikusikia hata sauti. Nikagandisha macho yangu kwenye mikono ya yule binti mkalimani, kwa kuwa hayo ndiyo masikio niliyokuwa nayo. Akaanza: kamati… imeona… chama… Mikono ikasimama. Akajifuta macho kwa bega. Nikataka kuruka dirishani. Kisha ikaendelea: kimesajiliwa. Ukalimani uanze Jumatatu, madarasa yote.

Nilipiga ukelele, Mama, kule stoo, peke yangu na tepe zangu. Kuna mwanafunzi alikuwa anasubiri kwenye kaunta, akadhani kuna nyoka, akakimbia na kuliacha daftari lake.

Nikajiweka sawa, nikafuta kaunta, nikasubiri waje kunipa habari. Nilishaandaa hadi uso wa kushangaa. Saa kumi na moja kasorobo wakaja wote, wamejaa vumbi, wanang'aa. Wakarudisha darubini, fimbo mbili, tepe, vigingi sita, vyote vimefutwa udongo. Wakatia sahihi ya kurudisha. Wakasema, "Asante, Mama Stoo," wakaondoka wakibishana ni nani ataanza zamu Jumatatu. Hakuna hata mmoja aliyekumbuka kuniambia matokeo! Nikabaki na ule uso wangu wa kushangaa. Nilicheka hadi nikakaa chini, na sijawahi kufurahi hivi tangu nizae.

Leo ndiyo Jumatatu. Asubuhi nimepita mlangoni kwa darasa la upimaji. Mkalimani amesimama mbele. Mhadhiri alipotaka kugeukia ubao alijikamata, akarudi. Mpimaji alikuwa anaandika kwa kasi, kichwa kinapanda na kushuka, kama mwanafunzi yeyote aliyechelewa kunukuu.

Mchana chama kikawa na mkutano wake wa kwanza halali. Nikaenda, nikakaa nyuma. Ajenda ya pili nilikuwa na wazo zuri, Baba, zuri sana, ungelipenda. Nikainua mkono. Wanaongoza vikao kwa zamu, na siku hiyo ilikuwa ya Mpimaji. Akaniona, akanitikisia kichwa, akaniambia kwa alama nisubiri, kuna wanne mbele yangu.

Nikasubiri. Wanne wale wakazungumza, na wa tatu akalitoa wazo langu lilelile, akaliboresha. Ajenda zikaisha, kikao kikafungwa, zamu yangu haikufika. Tukapanga viti, nami nikapanga changu, nikarudi stoo kifua mbele.

Binti yenu,
Mlezi